Bushi na Mauntingi za Giaboksi: Kazi Zake na Maneno Yake

Kila ufundi una maneno yake, na asiyeyajua maneno hupotea katika kazi. Baharia ana jina la kila kamba ya jahazi, na seremala hachanganyi randa na patasi. Fundi wa motokaa naye ana msamiati wake, uliokulia chini ya magari, penye grisi na spana, mbali na vitabu vya shule. Msamiati huo umepokea maneno mengi ya kigeni, na kwa sababu hiyo wako watu waudharauo. Mimi siudharau. Nauona kuwa ni Kiswahili kifanyacho kazi, na Kiswahili kifanyacho kazi chastahili kuchunguzwa kwa makini sawa na kile cha mashairi.

Katika makala haya nataka kueleza habari ya vipande vidogo vya motokaa viitwavyo bushi na mauntingi za giaboksi, na hasa mambo yatokeayo mtu anapoziondoa zile za kiwandani na kutia nyingine zilizo ngumu zaidi. Nia ya mtu huyo aghalabu ni njema: ana gari lenye nguvu, aliendeshalo barabarani kila siku, naye ataka gia ziingie kwa usahihi na gari liitikie mguu wake bila kuchelewa. Jambo hili latendwa sana siku hizi, na mara nyingi latendwa vibaya. Sababu ya ubaya huo, kwa maoni yangu, nusu ni ya ufundi na nusu ni ya lugha. Kwa hiyo nitazieleza sababu zote mbili pamoja.

I. Maana ya bushi na mauntingi

Bushi ni kipande chenye umbo la bomba fupi. Kwa kawaida ni mpira uliogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma, moja la ndani na moja la nje. Bolti hupita katika bomba la ndani, na bomba la nje hukaa katika tundu la kile chuma kingine. Hivyo vyuma viwili huwa vimeungana, wala havigusani. Kila mtikisiko utokao katika kimoja hauna budi kupita katika mpira kabla ya kukifikia cha pili.

Mauntingi ni kitako cha mpira na chuma. Upande wake mmoja hufungwa kwenye injini au kwenye giaboksi, na upande wa pili hufungwa kwenye bodi au kwenye krosimemba, yaani lile boriti la chuma lipitalo chini ya gari kutoka upande hata upande. Kwa ufupi twaweza kusema kwamba mauntingi hubeba, na bushi huunganisha. Lakini mpaka huo si mkali, kwa maana krosimemba ibebayo mauntingi ya giaboksi nayo yaweza kufungwa kwenye bodi kwa njia ya bushi.

Vipande hivi havikuwako tangu mwanzo katika umbo hili. Motokaa nyingi za zamani zilifungwa injini zake karibu moja kwa moja juu ya chesisi, na abiria walitikiswa pamoja na injini. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa katika gari la Plymouth mpango wa kuilaza injini juu ya mipira iliyopangwa hivi kwamba injini ipate kuyumba kidogo kuuzunguka mstari upitao penye kitovu cha uzito wake. Citroën ya Ufaransa iliununua utaratibu huo muda mfupi baadaye. Tangu hapo mpira umekuwa mshirika wa daima wa injini. Kitu cha pili kilichobadilisha kazi hii ni poliurethani, ambayo Otto Bayer na wenzake waliivumbua nchini Ujerumani mwaka 1937. Poliurethani yaweza kutengenezwa iwe laini kama sifongo au ngumu kama kwato. Na bushi nyingi ngumu ziuzwazo leo kwa wapenda magari ya kasi zimetengenezwa kwayo.

II. Gari la mfano

Maelezo yasiyo na mfano huelea hewani. Basi nitachukua gari moja, Subaru Impreza WRX yenye giaboksi ya mkono ya gia 5. Impreza ilianza kuuzwa mwaka 1992. Katika Afrika ya Mashariki yajulikana sana, kwa sababu motokaa nyingi zilizokwisha tumika huletwa kutoka Japani, ambako usukani huwa upande wa kulia kama kwetu. Na pia kwa sababu ya mashindano ya Safari Rally, ambayo Colin McRae aliyashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wawili katika Impreza. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba gari la mashindano na gari la barabarani ni ndugu wa baba mmoja tu. Dereva wa mashindano hujifunga mikanda, huvaa kofia ngumu, na kelele za gari lake si hoja. Mwenye gari la barabarani humpakia mama yake mzazi.

Katika Impreza injini imelazwa mbele, silinda mbili upande huu na mbili upande huu, na giaboksi imefungwa nyuma yake kwa urefu wa gari. Difu ya mbele imo ndani ya ganda la giaboksi hiyo hiyo. Kutoka mkiani mwa giaboksi hutoka propela iendayo kwenye difu ya nyuma. Injini na giaboksi, zikiisha kuungana, huwa kitu kimoja kirefu na kizito, nacho hushikwa mahali pane. Mbele kuna mauntingi mbili za injini, kushoto na kulia. Nyuma kuna mauntingi ya giaboksi, iliyokaa juu ya krosimemba yake. Na juu, pale giaboksi inapokutana na injini, kuna fimbo fupi yenye bushi kila ncha, iliyofungwa kwenye ukuta wa bati utenganishao injini na chumba cha abiria. Fimbo hiyo nitaiita fimbo ya juu.

Tena kuna vyuma viunganishavyo mkono wa gia na giaboksi. Navyo ni fimbo mbili. Moja husukumwa na kuzungushwa na mkono wa gia ili kuichagua gia itakiwayo. Ya pili haichagui kitu: kazi yake ni kukishika kitako cha mkono wa gia kisikimbie. Ncha yake ya mbele imefungwa kwenye giaboksi kwa bushi, na ncha yake ya nyuma imening'inizwa kwenye bodi kwa mpira mwingine. Msomaji azishike vizuri ncha hizi mbili, kwa kuwa tutazirudia.

III. Nguvu zinazoshikwa

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mauntingi ni kubeba uzito basi. Uzito ni sehemu ndogo ya habari. Tufanye hesabu ya mfano, tukiuacha msuguano. Injini ikitoa nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 300, na gari likiwa katika gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.45, nguvu itokayo penye gia ni Newton-mita 1,035. Difu yenye uwiano wa 3.9 huizidisha tena, ikawa kama Newton-mita 4,036 kwa magurudumu yote manne. Ikiwa nguvu hiyo yagawanywa sawasawa mbele na nyuma, magurudumu ya mbele hupata kama Newton-mita 2,018.

Sasa, asukumaye husukumwa. Ganda la giaboksi, kwa kuwa limeibeba difu ya mbele ndani yake, hupata msukumo wa kiasi hicho hicho kwa kinyume. Magurudumu yakivingirika kwenda mbele, injini na giaboksi hutaka kuinua pua na kushusha mkia. Kama fimbo ya juu isingekuwako, na kama mkia wa giaboksi ungeshikwa umbali wa mita 1 kutoka mauntingi za mbele, mauntingi ya giaboksi ingekandamizwa kwa kiasi cha Newton 2,000, ambao ni kama uzito wa kilo 200, zaidi ya mzigo wake wa kawaida. Fimbo ya juu huupunguza mzigo huo kwa kukisukuma kile ukuta wa bati. Dereva akiuinua mguu ghafula, mambo yote hugeuka: pua hushuka, mkia huinuka, na fimbo iliyokuwa ikisukuma huvuta. Akikanyaga tena, yarudi kama awali. Katika msongamano wa magari ya mjini, geuko hilo hutokea mara nyingi sana katika safari moja.

Hapa ndipo tunapozikumbuka zile ncha mbili. Kitako cha mkono wa gia kimeshikwa nusu na giaboksi, iyumbayo, na nusu na bodi, isiyoyumba. Mpira ukiwa mchovu, dereva hukuta kwamba gia ya tatu aliyoizoea haipo tena mahali pake wakati gari linapovuta kwa nguvu. Mkono husogea, gia huingia nusu, au husaga. Hapo ndipo aanzapo kutafuta bushi ngumu.

IV. Ugumu na mtikisiko

Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A, kianziacho 0 na kuishia 100. Mauntingi za kiwandani aghalabu huwa kati ya 50 na 60. Bushi za poliurethani kwa magari ya kasi huwa kati ya 75 na 95. Tofauti ya namba hizi yaonekana ndogo, lakini haipandi kwa hatua sawa. Kwa kanuni aliyoitoa mwanasayansi A. N. Gent mwaka 1958, mpira wa 80 ni mkaidi kuliko mpira wa 55 kwa takriban mara tatu. Kanuni hiyo ni ya mpira, na kwa poliurethani tuichukue kama makisio. Hata hivyo yatosha kutuonyesha ukubwa wa jambo.

Ni nini kitokeacho ukaidi ukizidi mara tatu? Kila kitu kilichokaa juu ya mpira kina mwendo wake wa asili wa kuyumba, kama bembea. Mpira huweza kuuzuia mtikisiko usipite ikiwa tu mtikisiko huo ni wa haraka kuliko mwendo wa asili kwa mara 1.4 au zaidi. Tuseme injini na giaboksi juu ya mipira ya kiwandani huyumba kwa asili mara 12 kwa sekunde. Mitikisiko yote iliyo juu ya mara 17 kwa sekunde itapunguzwa. Injini ya silinda 4 ikiwa imesimama inanguruma kwa mizunguko 750 kwa dakika, hulipuka mara 25 kwa sekunde. Mara 25 ni zaidi ya 17. Kwa hiyo dereva hukaa kwa raha.

Tukiitia mipira yote iliyo migumu mara tatu, mwendo wa asili hupanda kwa kipeuo cha pili cha tatu, yaani mara 1.73, ukawa karibu mara 21 kwa sekunde. Na mpaka wa kuzuia hupanda kutoka 17 hata 29. Sasa zile 25 zimebaki chini ya mpaka. Mipira haizuii tena. Kinyume chake, yauzidisha mtikisiko. Ndiyo maana gari lililotiwa mauntingi ngumu pande zote hutetemesha vioo na usukani likisimama penye taa za barabarani, kisha hutulia injini inapokwenda mbio. Gari hilo si bovu. Limefanya lile lililoagizwa.

Hili ndilo jambo ambalo napenda msomaji alishike kuliko mengine yote: bushi ngumu haiondoi mtikisiko, bali huuhamisha. Ule ambao zamani uliishia katika mpira sasa huenda kwenye bati, kwenye boltini, kwenye mkono wa dereva, au kwenye ganda la giaboksi. Wala bushi ngumu haiongezi nguvu ya meno ya gia. Meno yaliyo dhaifu yatabaki dhaifu, na pengine yatapata kishindo kikali zaidi, kwa kuwa mto uliokuwa ukikilainisha umeondolewa.

V. Maneno ya gereji

Sasa tuyaangalie maneno. Maneno bushi, mauntingi na giaboksi ni ya kukopa, nayo yamekwisha kuvaa kanzu. Lakini vitenzi vyake ni vyetu tangu asili, na katika vitenzi ndimo ilimo akili ya fundi.

Kitenzi cha kwanza ni kucheza. Bushi inacheza ikiwa yasogea pale isipopasa kusogea, na nafasi ya kusogea huitwa mchezo. Neno hili laeleza nafasi, halielezi ulaini. Bushi mpya iliyo laini haichezi. Hujinyonga na kurudi. Bushi iliyochakaa, hata ikiwa ya poliurethani ngumu, yaweza kucheza.

Kitenzi cha pili ni kugonga. Hiki ni cha sikio. Kitu hugonga kikiwa na mchezo, kikaisha mchezo wake na kukikuta chuma. Kugonga ni dalili, wala si ugonjwa.

Cha tatu ni kufa. Mauntingi imekufa ikiwa umbo lake lingalipo lakini kazi yake imekwisha: mpira umekauka na kupasuka, au umelainika kwa mafuta hata ukawa kama ugali. Kuchanika au kukatika ni zaidi ya kufa, maana hapo mpira umeachana na chuma chake kwa macho. Kuchoka ni kabla ya kufa. Basi tunayo ngazi nzuri ya hali ya kipande: kuchoka, kufa, kukatika. Sidhani kwamba kitabu cha kiwanda chaweza kueleza kwa ufupi zaidi.

Shida huanza katika kitenzi cha nne, kukaza. Tumsikilize mteja na fundi wake.

“Fundi, gia zinaingia kwa shida, na nikikanyaga mafuta kuna kitu kinagonga chini. Nataka unikazie giaboksi.”

“Hamna shida, bosi. Lete mauntingi ngumu, tutaikaza.”

Katika maneno haya machache kuna kazi tatu zilizofungwa katika kitenzi kimoja. Kukaza kwaweza kuwa ni kuzungusha nati kwa spana ili bolti isilegee. Kwaweza kuwa ni kutoa mpira uliokufa na kutia mpya wa namna ile ile. Na kwaweza kuwa ni kutia mpira mgumu kuliko wa kiwandani. Kazi ya kwanza haina gharama ila ya dakika chache. Ya pili yarudisha gari katika hali yake. Ya tatu yalibadilisha tabia. Bosi wetu alihitaji ya pili, na atalipia ya tatu. Kwa kuwa mauntingi yake ilikuwa imekatika, kile kipya kigumu kitakomesha kugonga, naye atawaambia rafiki zake kwamba ugumu ndio uliomponya. Laiti angalitia mauntingi mpya ya kawaida, kugonga kungalikoma vile vile, na vioo vyake visingalitetemeka.

Napendekeza basi kwamba katika maandishi yetu tuzitenge kazi hizi tatu: kukaza liwe neno la bolti na nati tu, kubadilisha liwe neno la kutia kipya kilicho sawa na cha zamani, na kugumisha liwe neno la kutia kilicho kigumu zaidi. Kugumisha si neno geni. Limejengwa juu ya gumu kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili aijua. Tena ni vyema kulitaja pahali pake daima. Kusema “bushi” peke yake ni kama kusema “mlango” katika nyumba ya vyumba kumi. Tuseme bushi ya mkono wa gia, bushi ya fimbo ya juu, bushi ya krosimemba. Na tuseme mauntingi ya giaboksi mbali na mauntingi ya injini.

VI. Utaratibu wa kugumisha

Maneno yakiisha kutengwa, kazi nayo hujipanga. Hatua ya kwanza ni kuchunguza. Fundi atazame kama mpira umeachana na chuma, kama kuna alama ya chuma kugusa chuma, na kama kuna mafuta. Mafuta ya injini na ya giaboksi huuvimbisha na kuuoza mpira wa asili. Kwa hiyo fundi atiaye mauntingi mpya chini ya sili inayovuja amejenga nyumba juu ya mchanga. Kisha azikaze bolti zilizolegea. Mara nyingine shida huishia hapa.

Hatua ya pili ni kubadilisha vilivyokufa kwa vipya vya namna ile ile, na kuliendesha gari kwa siku kadhaa. Magari mengi yaletwayo kutoka ng'ambo yana umri wa miaka kadhaa, na mipira yake ina umri huo huo. Mwenye gari ambaye hajapata kuliendesha likiwa na mipira mizima hajui bado kama gari lake ni laini mno.

Hatua ya tatu, ikiwa bado aona haja, ni kuzigumisha bushi za mkono wa gia, ile ya mbele na ule mpira wa nyuma. Hapa faida ni kubwa na hasara ni ndogo. Vipande hivi havibebi uzito wa injini, kwa hiyo ugumu wake hauubadilishi ule mwendo wa asili tuliouhesabu. Hasara yake ni kwamba mkono wa gia utaleta kiganjani mlio na mtetemo wa giaboksi ambao zamani haukufika. Madereva wengine huupenda.

Hatua ya nne ni mauntingi ya giaboksi pamoja na bushi za krosimemba yake. Kwa gari la barabarani, poliurethani si ya lazima. Subaru Tecnica International, idara ya mashindano ya Subaru iliyoanzishwa mwaka 1988, huuza mauntingi ziitwazo za Group N, kwa jina la daraja la mashindano la magari yaliyo karibu na ya kiwandani. Hizi ni za mpira kama zile za awali, ila mpira wake ni mgumu zaidi. Mpira una sifa moja ambayo poliurethani aghalabu haina kwa kiasi hicho, nayo ni kuvumilia kunyongwa pande zote bila kulia. Kwa bushi za krosimemba kuna pia vipande vya kuchomeka katika nafasi zilizo wazi za bushi ya kiwandani, vikazijaza na kuupunguza mwendo wake. Navyo huweza kuondolewa tena mwenye gari akijuta.

Hatua ya tano ni fimbo ya juu. Hii yagumishwa kwa urahisi, bolti mbili tu, na kwa sababu ya urahisi huo watu wengi huanza nayo. Mimi naiweka mwishoni. Fimbo hii imefungwa kwenye ukuta wa bati ulio mbele ya magoti ya dereva, na bati ni ngoma. Fimbo ngumu huipunguza sana ile kuinua pua, lakini huipiga ngoma hiyo kwa kila mlipuko wa injini.

Mauntingi za injini, kwa gari la kwenda kazini na sokoni, nashauri zibaki za mpira, za kiwandani au za Group N. Na kuna sharti moja lisilovunjwa: washikao mzigo mmoja wawe wa nguvu zinazokaribiana. Kati ya vishikizi vinne, kilicho kigumu kuliko vyote ndicho kitakachobeba zaidi. Mtu akiifunga giaboksi kwa kitako cha alumini kisicho na mpira, huku injini ikiyumba mbele juu ya mipira laini, ameifanya ile sehemu ya giaboksi iliyofungwa kuwa bawaba ya mlango. Ganda la giaboksi ni la alumini ya kumiminwa. Halikuumbwa kuwa bawaba, nalo huweza kupasuka.

VII. Tahadhari katika kazi

Kabla ya kuifungua krosimemba, gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi za chuma mahali penye sakafu ngumu; jeki peke yake haitoshi, na aliyelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ameiweka roho yake rehani. Giaboksi nayo ishikwe kwa jeki ya pili yenye kipande cha ubao juu yake, ili ganda lisiumie. Ekzosi ipoe kwanza. Mkia wa giaboksi ukishushwa, ushushwe kidogo tu, kwa maana kuna nyaya, mipira ya hewa na mabomba yaliyofuatana nayo. Bushi ya poliurethani ipakwe ile grisi iliyokuja pamoja nayo. Bila hiyo italia kama kitanda kibovu. Wakati wa kufunga, bolti zote zianze kwa vidole, injini na giaboksi zilale juu ya mipira yake kwa uzito wake zenyewe, na hapo ndipo bolti zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Bolti ikikazwa mpira ukiwa umejinyonga, mpira huo utaishi umejinyonga, na maisha yake yatakuwa mafupi.

VIII. Hitimisho

Tumeona kwamba kipande cha mpira kiwezacho kufunikwa kwa kiganja hubeba nguvu ya kuwazidi watu wawili, na wakati huo huo humlinda abiria asitikiswe. Kazi hizi mbili zapingana: ya kwanza yataka ugumu, ya pili yataka ulaini. Kiwanda kilichagua kati yake kwa ajili ya watu wote. Mwenye gari anayo haki ya kuchagua tena kwa ajili yake mwenyewe, mradi ajue ni nini anachokinunua na ni nini anachokiuza.

Nayo lugha ina sehemu yake katika chaguo hilo. Mafundi wetu wamekwisha kutupa kucheza, kugonga, kuchoka na kufa, maneno ambayo hakuna kamati iliyokaa kuyatunga. Lililobaki kwetu ni dogo: kuyaandika, kuyatenga pale yalipogongana, na kuyarudisha gerejini yakiwa safi. Wasomaji walio karibu na mafundi wa Mombasa, Tanga, Kisangani au Bujumbura watafanya kazi yenye faida kubwa wakiyakusanya majina ya vipande hivi kama yasemwavyo huko, pamoja na vitenzi vyake, kwa maana jina la kipande laweza kupatikana dukani, bali kitenzi chake hupatikana kwa fundi tu. Siku mteja atakapoweza kusema, “Fundi, usigumishe, badilisha tu ile ya nyuma iliyokatika,” fundi atamwelewa mara moja, na mteja atarudi nyumbani na fedha yake nusu ingali mfukoni.